Natafuta mfasiri na mkalimani bingwa wa Kiitaliano na Kicheki: mwongozo wa mashine, mkataba, na mafundi wanaokwenda Brno

Mwambao_Bologna (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada wa wanaoijua kazi ya tafsiri huku Ulaya, maana humu ndani najua mmo.

Kiwanda kimoja cha Emilia-Romagna kimeuza mashine ya kufungashia chakula kwa mnunuzi wa Brno, Ucheki. Kazi zilizopo ni tatu: mwongozo wa mashine wenye herufi kama 252,000 pamoja na nafasi, mkataba wa mauzo na viambatisho vyake, na mafundi wawili Waitaliano watakaokaa Brno siku nne kufunga mashine na kuwafundisha waendeshaji. Agizo nililopewa ni kutafuta "mtu wa Kiitaliano na Kicheki". Wakala mmoja ameshaleta bei moja ya jumla kwa vyote vitatu, bila kusema nani atafanya nini.

Je, mtu mmoja anatosha? Mhuri wa mahakama unahitajika? Na bei inahesabiwaje, maana huyu anataja "normostrana" na mwingine "cartella"?

Kalamu Nzito

Mkuu, hapo una kazi za watu watatu, na ukizikusanya kwa mmoja utapata mbili mbovu. Mfasiri anakaa na maandishi, anafungua kamusi, anarudi nyuma na kurekebisha. Mkalimani anasikia na kusema papo hapo. Wapo wachache wanaofanya vyote kwa kiwango, ila ni nadra mtu huyohuyo awe pia amebobea kwenye mitambo na kwenye sheria za mikataba za nchi mbili.

Jambo la kwanza la kuuliza ni mwelekeo. Mwongozo unatoka Kiitaliano kwenda Kicheki, kwa hiyo mfasiri awe mtu ambaye Kicheki ndiyo lugha yake ya kwanza. Mwitaliano aliyesoma Kicheki Prague miaka mitano anaweza kukielewa kila kitu, lakini Kicheki kina visa saba vya nomino (maumbo yanayobadilika kufuata kazi ya neno kwenye sentensi) na jozi za vitenzi, kimoja cha tendo lililokamilika na kingine cha lisilokamilika, ambazo mgeni huzikosea hata baada ya miaka mingi. Mwendeshaji wa mashine akikutana na sentensi iliyopinda, anaacha kuusoma mwongozo. Mkataba ukiwa na safu mbili za lugha, tafuta pia msomaji wa upande wa pili, yaani Mwitaliano wa kuhakikisha kwamba marekebisho yaliyoingizwa na Wacheki yamerudi sawasawa kwenye Kiitaliano.

La pili ni fani. Jozi hii ya lugha ni ndogo, na hapo ndipo watu wanapotegeka: wakishampata yeyote mwenye lugha hizo mbili, wanafurahi na kusahau kumuuliza anafasiri nini. Mtu anayefasiri riwaya kwa ustadi mkubwa anaweza asijue tofauti ya bolti na skrubu. Muulize ameshafasiri mashine za aina gani, na aliyepitia kazi yake alikuwa nani.

Bi Sheria

Ngoja nilijibu la mhuri, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Upande wa Ucheki kuna sheria namba 354/2019, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Imetenganisha kazi mbili ambazo sheria ya zamani ya 1967 ilikuwa imeziweka pamoja: *soudní tlumočník* ni mkalimani wa mahakama, wa mdomo, na *soudní překladatel* ni mfasiri wa mahakama, wa maandishi. Mtu anaweza kuandikishwa kwa moja au kwa zote mbili. Kuingia kunadai shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka 5, masomo ya ziada ya sheria na mtihani. Wizara ya Sheria inatunza orodha yao mtandaoni, unatafuta kwa lugha na mkoa. Waliosajiliwa chini ya sheria ya zamani walipewa muda wa mpito wa miaka 5, kwa hiyo mhuri wa mtu kwenye karatasi ya zamani si ushahidi kwamba bado yumo. Fungua orodha siku hiyohiyo unayotoa oda.

Tafsiri ya mahakama ya Ucheki inatambulika kwa macho. Karatasi ya asili au nakala iliyothibitishwa inashonwa pamoja na tafsiri kwa uzi, ncha za uzi zinabandikwa, mhuri wa duara wenye nembo ya taifa unapigwa, na mwishoni kuna maelezo ya mfasiri yenye saini na namba ya kazi kwenye daftari lake. Ukikata ule uzi ili upate kuskani vizuri, umeiharibu hati nzima. Inaweza pia kutolewa kielektroniki kwa saini ya kielektroniki yenye hadhi ya kisheria na alama ya kielektroniki ya tarehe na saa. Hiyo ukiichapisha kwenye karatasi inabaki nakala tu, kwa hiyo itume kama faili.

Italia ni mfumo mwingine kabisa. Hakuna orodha moja ya taifa ya wafasiri walioapishwa. Zipo orodha za wataalamu katika kila mahakama, ila kinachofanyika zaidi ni *asseverazione*: mfasiri mwenyewe anakwenda kwa karani wa mahakama, kwa Giudice di pace (hakimu wa mahakama ya chini) au kwa notari (mthibitishaji wa hati), anaapa kwamba ametafsiri kwa uaminifu, anasaini hati ya kiapo. Msingi wake ni amri ya kifalme namba 1366 ya 1922. Unabandika stempu ya ushuru ya euro 16 kwa kila kurasa 4 za tafsiri, zikihesabiwa mistari 25 kwa ukurasa, yaani mistari 100. Baadhi ya mashauri, kama kuasili mtoto na talaka, yamesamehewa stempu. Mahakama zinatofautiana kwa taratibu: nyingine zinataka miadi, nyingine zinamtaka mfasiri awe kwenye orodha yao. Piga simu kwanza.

Sasa kwa mleta uzi: mkataba wenu wa mauzo hauhitaji mhuri wowote. Ni makubaliano ya kampuni mbili binafsi. Unahitaji mfasiri wa sheria aliye bora, lakini si kiapo. Mhuri utauhitaji siku mkataba ukipelekwa mahakamani, au pale ofisi ya Ucheki itakapodai *visura camerale*, yaani dondoo la usajili wa kampuni, ya kampuni ya Italia kwa Kicheki. Wakala akikutoza mhuri kwa mkataba mzima na viambatisho, mwulize ni ofisi gani iliyoudai.

Mwambao_Bologna

Bi Sheria, ubarikiwe. Basi huyu mfasiri wa sheria nimpime vipi kama hana mhuri?

Bi Sheria

Kuwa na mhuri hakumaanishi anajua mikataba ya biashara. Mpime kwa vifungu viwili.

Kifungu cha kwanza ni malipo ya awali. Mikataba ya Kiitaliano hutumia *acconto* na *caparra confirmatoria*, na hivi si kitu kimoja. *Acconto* ni malipo ya sehemu tu. *Caparra confirmatoria*, kifungu cha 1385 cha sheria ya madai ya Italia, ina meno: aliyeitoa akivunja mkataba, anaipoteza, aliyeipokea akivunja, anarudisha mara mbili. Kicheki kina *záloha* kwa ile ya kwanza na *závdavek* kwa ya pili, na *závdavek* ipo kwenye kifungu cha 1808 cha sheria ya madai ya 2012, nayo pia inamruhusu aliyeitoa kudai mara mbili. Mfasiri wa haraka huandika *záloha* kote kote. Kampuni inakuja kugundua wakati wa mgogoro kwamba safu ya Kicheki haina adhabu iliyomo kwenye safu ya Kiitaliano.

Kifungu cha pili ni saini ya pili. Mikataba mingi ya Kiitaliano, hasa iliyojengwa juu ya masharti ya jumla ya muuzaji, inamaliza kwa sehemu mbili za kusaini, ya pili ikiorodhesha namba za vifungu vizito. Hiyo inatokana na kifungu cha 1341 cha sheria ya madai: masharti magumu yaliyoandaliwa na upande mmoja yanataka kukubaliwa kwa saini ya peke yake. Kwa macho ya Mcheki inaonekana kama marudio yasiyo na kazi, na kuna wafasiri wanaoifuta "kusafisha" hati. Mwenye ujuzi anaiacha, anaifasiri neno kwa neno, na anaweka maoni pembeni kumweleza mteja ni ya nini.

Na kabla hamjasaini, mkataba useme lugha ipi inatawala iwapo safu mbili zinapishana. Mfasiri hana mamlaka ya kuamua hilo.

Fundi Mitambo

Mimi nitabaki kwenye mwongozo, maana huo ndio unaoweza kumkata mtu vidole.

Direktivu ya mashine ya Umoja wa Ulaya, 2006/42/EC, inadai maelekezo yawe katika lugha rasmi ya nchi ambako mashine inaingizwa sokoni. Kwa Brno ni Kicheki, si Kiingereza, wala si Kislovakia. Nasisitiza Kislovakia kwa sababu sheria ya Ucheki ya taratibu za kiofisi inaruhusu mtu kuwasilisha hati za Kislovakia, na wauzaji wengine wanalichukua hilo kama ruhusa ya kuleta mwongozo wa Kislovakia. Ni mambo mawili tofauti. Kuanzia 20 Januari 2027 nafasi ya direktivu hii inachukuliwa na Kanuni (EU) 2023/1230, kwa hiyo kama mashine itaingia sokoni baada ya hapo, angalieni marejeo ya sheria ndani ya mwongozo na tamko la ulinganifu, yaani hati ya mtengenezaji kwamba mashine inatimiza sheria.

Jalada nalo lina masharti. Toleo la mtengenezaji linabeba maneno *Istruzioni originali*. La Kicheki lazima lisomeke *Překlad původního návodu k používání*, yaani ni tafsiri ya mwongozo wa asili. Ukiona limeandikwa *Původní návod* peke yake, mfasiri amenakili kichwa bila kujua kwamba kina maana kisheria. Na toleo la asili la Kiitaliano linafuatana na lile la Kicheki, msilifungie Bologna.

Maneno ya tahadhari yapangwe kabla kazi haijaanza. Kiitaliano kina PERICOLO, AVVERTENZA, ATTENZIONE kwa mpangilio wa ukubwa wa hatari, ila waandishi wa viwandani hutupia ATTENZIONE popote. Kubalianeni jozi zake za Kicheki, mfano NEBEZPEČÍ, VAROVÁNÍ, UPOZORNĚNÍ, na zishikwe mpaka ukurasa wa mwisho. Mwongozo unaobadilisha neno kila sura unamfundisha mwendeshaji kuyapuuza yote.

Sasa herufi. Faili la Kicheki lililohifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa Windows-1250 likifunguliwa kwenye kompyuta ya Kiitaliano inayosoma Windows-1252, š na ž na í zinabaki salama, lakini č inageuka è, ě inageuka ì, ů inageuka ù, ň inageuka ò na ř inageuka ø. Tazama: *příručka* linakuwa *pøíruèka*, na *Upozornění* linakuwa *Upozornìní*. Ubaya wake ni kwamba è, ì, ò na ù ni herufi za kawaida za Kiitaliano, kwa hiyo mpangaji kurasa wa Bologna akipitisha macho haoni kitu cha ajabu. Mwongozo unachapwa hivyo. Dai UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, kwenye kila faili, hakikisha fonti ya kampuni ina herufi zote za Kicheki, na PDF ya mwisho irudi kwa mfasiri aitazame kabla ya kuchapwa. Hiyo hatua ya mwisho ilipiwe, isiombwe kama fadhila.

Namba pia. Nchi zote mbili zinatumia mkato kwa desimali, hivyo 25,5 Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza bolti) inabaki ilivyo. Lakini elfu kwa Kiitaliano inaandikwa 1.500 na kwa Kicheki 1 500, na hiyo nafasi iwe ile isiyokatika, la sivyo "1" itabaki mwisho wa mstari na "500" itaanza mstari mwingine. Mtu anayesoma kasi ya mzunguko hapo anaweza kukosea.

Chapchap

Wakuu, mbona mnaifanya kubwa? Kiitaliano kwenda Kiingereza wapo wafasiri tele, Kiingereza kwenda Kicheki wapo tele. Pitisha kwa Kiingereza, au tumia programu ya kutafsiri halafu Mcheki mmoja asafishe. Nusu ya bei.

Fundi Mitambo

Chapchap, ndugu yangu, kupitia Kiingereza kunafanyika kila siku, na kuna mahali kunafaa: orodha ya vipuri yenye namba na picha, barua za kawaida. Kwenye mwongozo huu ngoja nikuonyeshe kinachotokea.

*Guarnizione* ni gasketi au sili. Kwa Kiingereza inakuwa "seal". Kutoka hapo programu au mfasiri asiye na mchoro anaweza kutoa *těsnění*, ambayo ni sahihi, au *plomba*, lakiri ya kufungia mita, au hata *pečeť*, mhuri wa barua. *Quadro elettrico* ni kabati la umeme, Mcheki anasema *rozváděč*. Likipita kwenye "panel" linatokea *panel*, na fundi wa Brno anakwenda kwenye paneli ya vitufe badala ya kabati lenye umeme wa viwandani. *Tensione* ni volteji na pia ni mkazo wa mkanda, na *napětí* ya Kicheki ina maana hizohizo mbili. Kiingereza kinakulazimisha uchague moja, na aliyechagua hakuwa na mashine mbele yake. Kosa hilo moja kwenye sura ya kukaza mkanda unatosha.

Programu ya kutafsiri ikitumika, itumike waziwazi. Kuna kiwango cha ISO 18587 kinachohusu usahihishaji kamili wa matini iliyotafsiriwa na programu. Mpitiaji awe na Kiitaliano mbele yake na si Kicheki peke yake, kwa sababu programu za leo zinaandika Kicheki kinachosomeka vizuri hata pale zilipodondosha neno "usi" kwenye onyo.

Kuna na skrini ya mashine. Kiitaliano kina umbo la umoja na la wingi: 1 *pezzo*, 2 *pezzi*, 5 *pezzi*. Kicheki kina matatu: 1 *kus*, 2 *kusy*, 5 *kusů*. Programu iliyotengenezwa Bologna ina nafasi mbili tu za neno, kwa hiyo skrini itaandika "5 kusy" milele. Mfasiri hawezi kulitatua hilo peke yake. Ama mwandishi wa programu aongeze umbo la tatu, ama maandishi yageuzwe kuwa "Kusy: 5". Mpeleke mfasiri orodha ya maneno ya skrini pamoja na picha za skrini na idadi ya juu ya herufi kwa kila kitufe. Akipewa jedwali tupu la Excel, hajui *Avvio* ni kitufe cha kuwasha au ni kichwa cha sura.

Kalamu Nzito

Nimalizie la bei. *Normostrana* ya Kicheki ni herufi 1,800 pamoja na nafasi, inatokana na ukurasa wa taipureta wa mistari 30 ya herufi 60. *Cartella* ya Kiitaliano inayotumika kwenye tafsiri za biashara ni herufi 1,500, mistari 25 kwa 60, ingawa wachapishaji wa vitabu wanahesabu 1,800 au 2,000. Herufi zako 252,000 ni normostrana 140, au cartella 168. Aliyekuambia bei ndogo kwa cartella anaweza kuwa ghali kuliko yule wa bei kubwa kwa normostrana. Igeuze kila bei iwe ya herufi 1,000 ndipo ulinganishe.

Uliza pia kama wanahesabu matini ya asili au tafsiri. Ucheki wamezoea kuhesabu tafsiri iliyokamilika. Kicheki hubana zaidi ya Kiitaliano, kwa hiyo kwenda Kicheki hesabu ya tafsiri hukupunguzia, na kurudi Kiitaliano inakuongezea. Kwa bajeti ni heri matini ya asili, unajua gharama kabla.

Kuhusu muda, mfasiri mzuri wa kiufundi hupangiwa normostrana 6 hadi 8 kwa siku. Kurasa 140 ni siku 18 hadi 24 za kazi, kisha mtu wa pili apitie. Wakala akikuahidi siku tano, maana yake kazi imegawanywa kwa watu wanne na kila mmoja ataliita kabati la umeme jina lake. Mwulize kama anafuata ISO 17100, ambayo inadai tafsiri isomwe na mpitiaji wa pili akilinganisha na asili, na uombe majina ya wote wawili.

Nyota ya Asubuhi

Samahanini kuingilia. Mimi niko Italia, nahamia Ucheki kikazi. Nina cheti cha ndoa kilichotolewa na comune (manispaa) ya hapa, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kutoka Tanzania. Vyote nivitafsiri Kicheki kwa mfasiri wa mahakama?

Bi Sheria

Dada, hivyo viwili vinapita njia tofauti.

Cheti cha ndoa cha Italia kinaangukia Kanuni (EU) 2016/1191, inayotumika tangu 16 Februari 2019. Kati ya nchi za Umoja wa Ulaya hakidaiwi apostili, ule uthibitisho wa kimataifa wa hati. Ukienda comune omba pia fomu sanifu ya lugha nyingi iambatane nacho, na mara nyingi ofisi ya Ucheki haitadai tafsiri kabisa. Fomu haisimami peke yake, inatolewa pamoja na cheti. Wakidai tafsiri, kanuni hiyo inasema tafsiri iliyothibitishwa na mtu mwenye sifa katika nchi mwanachama yoyote ikubaliwe. Lakini kwa hati zilizo nje ya kanuni hiyo, ofisi za Ucheki zinataka mfasiri aliye kwenye orodha yao.

Cheti cha RITA hakimo, maana kanuni ni ya hati zilizotolewa na nchi wanachama. Ulizia kwanza ubalozi wa Ucheki uthibitisho gani unatakiwa juu yake, na uthibitisho huo upigwe kabla ya kutafsiri, ili mihuri yote iingie kwenye tafsiri. Kama cheti kina Kiingereza, tafuta mfasiri wa mahakama wa Kiingereza na Kicheki moja kwa moja. Usitumie ile tafsiri ya Kiitaliano uliyofanyiwa zamani kama chanzo. Tafsiri juu ya tafsiri hubeba makosa ya majina, na tahajia ya jina lako lazima ifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Mwambie mfasiri mapema pia kwamba jina la ukoo lisiongezwe *-ová*, kiishio ambacho Wacheki huwapa wanawake.

Nyota ya Asubuhi

Nimekuelewa sana, asante dada.

Kipaza

Naona ukalimani wa Brno umeachwa nyuma, nami niuseme.

Siku nne za kufunga mashine na kufundisha ni ukalimani fuatizi: fundi anasema sentensi mbili tatu, mkalimani anasema. Mkalimani mmoja anatosha mkipanga mapumziko ya kweli na siku isizidi saa nane. Ukalimani sambamba, yaani mkalimani kusema huku msemaji akiendelea, ni habari nyingine. Kwenye kibanda wanakaa wawili na kupokezana kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu baada ya hapo makosa yanaanza kuingia na mwenyewe hayasikii. Mkiandaa uzinduzi wenye hotuba, hao ni watu wengine na vifaa vingine. Kunong'ona sikioni kunafaa kwa msikilizaji mmoja au wawili, mezani, si pembeni ya mashine inayounguruma. Kiwandani kodisha kile kifaa cha waongoza watalii, kipaza kidogo na vipokea sauti, ili mkalimani asipige kelele siku nzima na wanafunzi sita wasikie sawa.

Mpeleke nyaraka wiki moja kabla walau: mwongozo wa lugha zote mbili, mpango wa mafunzo wa kila siku, picha za mashine zenye majina ya sehemu. Hapa ndipo mwongozo na ukalimani vinapokutana. Mkalimani atumie maneno yaleyale ya mwongozo wa Kicheki, la sivyo waendeshaji watasikia jina moja na kusoma jingine. Hakikisha jioni moja kabla ya kazi amekutana na mafundi, awazoee wanavyosema. Fundi wa Emilia akikaza nati hatumii Kiitaliano cha vitabuni, na wa Brno naye ana lahaja yake.

Kwenye makubaliano andika saa za kazi, malipo ya saa za ziada, usafiri, malazi, na nini kinatokea mkiahirisha. Viatu vya usalama na mafunzo ya usalama ya kiwanda avipate asubuhi ya kwanza, kwani bila hivyo walinzi watamzuia getini na saa zinahesabiwa. Na mafundi waambiwe wazungumze na mwendeshaji, wakimtazama yeye. Mkalimani hajibu maswali ya kiufundi kwa niaba yao hata akiwa analijua jibu, kwa sababu akikosea hapo hakuna anayejua kosa ni la nani.

Kama kuna kwenda kwa notari wa Ucheki au shauri la mahakama, hapo ndipo umtake *soudní tlumočník*. Mafunzo ya kiwandani hayahitaji kiapo.

Mwambao_Bologna

Wakuu, mmenifungua macho. Sasa hao watu nawapata wapi, ukiacha Google?

Kalamu Nzito

Ucheki anza na Jednota tlumočníků a překladatelů, JTP, chama cha wakalimani na wafasiri kilichoanzishwa 1990, orodha yake unachuja kwa lugha na fani. Wa mahakama wana chama chao cha hiari, ila orodha ya Wizara ndiyo yenye nguvu ya kisheria. Wakalimani wa mikutano wana ASKOT. Italia kuna AITI, ya tangu 1950. Ukikuta watu wachache wa jozi yako kwenye AITI usishangae, wengi wa jozi hii wanaishi Ucheki. Chumba cha biashara cha Italia na Ucheki, CAMIC, kipo Prague, na ubalozi wa Italia huko ni wa kuulizia pia. Vyuo vinavyofundisha Kiitaliano Prague, Brno na Olomouc vinawajua wahitimu waliogeukia ufundi. Brno hasa uliza, mkalimani wa hukohuko anakuondolea hoteli.

Ukishapata majina matatu, wape jaribio la kulipwa, maneno 300 hivi, sawa kwa wote. Usichukue utangulizi wa mwongozo. Chukua onyo moja, aya ya kukaza bolti yenye namba za Nm, na mistari kumi ya jedwali la hitilafu. Weka kwa makusudi sehemu yenye utata kwenye Kiitaliano. Anayekuuliza swali juu ya sehemu hiyo ana thamani kuliko anayeirudisha laini bila neno. Wa kusahihisha awe mhandisi wa mnunuzi kule Brno, umwombe apige mstari chini ya jina lolote la sehemu ambalo wao hawalitumii. Hiyo orodha yake inakuwa mwanzo wa faharasa ya istilahi.

Maneno ya Umoja wa Ulaya yanapatikana bure kwenye IATE, benki yao ya istilahi, na tovuti ya EUR-Lex inakuonyesha sheria kwa Kiitaliano na Kicheki ubavu kwa ubavu. Mfasiri asiyejua kwamba direktivu ya mashine ina matini rasmi ya Kicheki, na anaitafsiri upya kwa maneno yake, huyo mwache.

Mwambao_Bologna

La mwisho wakuu. Mashine ikibadilishwa toleo mwakani, tutalipa mwongozo mzima upya?

Fundi Mitambo

Inategemea umeandika nini kwenye oda ya sasa. Iandikwe kwamba pamoja na tafsiri utapokea kumbukumbu ya tafsiri, yaani faili la jozi za sentensi zilizokwisha kufasiriwa, kwa umbo la TMX, na faharasa ya istilahi kwa umbo la TBX au Excel, na kwamba ni mali ya kiwanda. Mawakala wengine hubaki nayo, na mwakani ukihama unaanza sifuri. Mfasiri apewe faili za asili za mpangaji kurasa, IDML au XML, asipewe PDF. Akifanya kazi juu ya PDF iliyobadilishwa kuwa Word, sentensi zinakatika katikati ya mistari na kumbukumbu hiyo haitalingana na kitu chochote baadaye.

Toleo jipya likija, programu ya mfasiri inalilinganisha na kumbukumbu hiyo. Sentensi zilizofanana kabisa zinalipiwa kidogo, zilizobadilika kidogo zinalipiwa sehemu, mpya zinalipiwa kamili. Viwango hivyo vya punguzo viwekwe kwenye oda ya sasa, wakati bado una majina matatu mezani. Ila sura ya usalama na jedwali la Nm lisomwe lote upya kila toleo, hata kama programu inasema hakuna kilichobadilika. Sentensi inaweza kubaki vilevile huku sehemu inayoizungumzia imehamishwa upande wa pili wa mashine.

Mwambao_Bologna

Nimenakili vyote. Kesho namwandikia yule wakala anipe majina, mwelekeo wa lugha na bei kwa herufi 1,000, kazi tatu mbalimbali. Nikipata majibu ya jaribio nitayaweka humu muyapitie.